Bomba mgongoni, mashine ya kikundi na kuku waliokufa: majibu ya barua zenu

Niliomba mniandikie nyie akina dada, akina mama na vijana mnaojitafutia riziki kwa kuwafanyia wakulima wengine kazi, nyie mnaopulizia dawa, mnaopukuchua, mnaochanja mifugo, mnaowatafutia watu trekta. Barua zimekuja nyingi kuliko nilivyotegemea na nyingine zimeniuma maana unaona kabisa mtu anafanya kazi ya haki, jasho linamtoka, ila hela haionekani. Leo nimechukua nne. Nimejibu kwa urefu pale ambapo niliona jambo lenyewe linahitaji urefu, zingine fupi, mnivumilie.

*

Shikamoo dada. Mimi ni binti wa miaka 23, nina bomba langu la mgongoni la lita 16 nililinunua kwa hela ya vibarua na sasa napulizia mashamba ya watu. Huwa nachaji kwa bomba, nikimaliza moja nahesabu moja. Wateja wananiambia eti naongeza mabomba makusudi ili nipate hela. Afu mwezi uliopita kuna mzee mmoja magugu yake hayakufa akagoma kunilipa, wakati dawa kaleta mwenyewe na maji kachota mwenyewe kwenye dimbwi. Kingine, mdogo wangu wa kike ana miaka 16 anataka tuwe tunaenda wote tumalize haraka. Nifanye nini?
Binti wa bomba

Marahaba mdogo wangu. Kuchaji kwa bomba ndo kunakokuponza. Mteja akishajua kila ukijaza maji anadaiwa, basi kila ukielekea kwenye ndoo yeye anaona unamwibia, na wewe nawe mwisho wa siku ukiwa umechoka unaanza kutembea haraka ili asilalamike, ukitembea haraka dawa inapungua kwenye majani, magugu hayafi, kesi inarudi kwako. Chaji kwa eneo. Chukua kamba ya mita 50, ifunge fundo kila baada ya mita 10, fika shambani mpime pamoja na mwenye shamba, yeye ashike ncha moja wewe nyingine, mkishamaliza hapo mnajua ni robo ekari au nusu au ekari nzima na bei inasemwa kabla bomba halijajazwa. Mtu aliyeshika kamba mwenyewe habishi tena.

Sasa ili ujue ekari inakula mabomba mangapi inabidi ujipime wewe na bomba lako, maana kila mtu na mwendo wake na kila nozeli, yaani kile kichwa chenye tundu inapotokea dawa, na utokaji wake. Pima kiboksi cha mita 10 kwa 10, tia maji matupu yasiyo na dawa, weka alama yalipofika, vaa bomba, pulizia kile kiboksi kwa mwendo wako wa kila siku na upampu kama unavyopampu siku zote, ukimaliza weka bomba chini ujaze tena mpaka kwenye ile alama kwa kutumia kopo lenye vipimo. Tuseme imeingia lita 2. Ekari ni kama mita za mraba 4,000, yaani viboksi 40 vya namna hiyo, kwahiyo ekari moja itakula lita 80, na bomba lako la lita 16 ni mabomba 5. Basi. Kama lebo ya dawa inasema lita 2 kwa hekta, hekta ni mita za mraba 10,000, kwa ekari inakuwa lita 0.8, ukigawa kwa mabomba 5 unapata mililita 160 kila bomba. Sio kifuniko cha chupa, sio "jaza mpaka ionekane nyeupe", ni mililita 160 kwenye kikombe chenye mistari. Rudia kujipima kila ukibadilisha nozeli na kila msimu unapoanza, kwa sababu nozeli inaliwa taratibu na tundu linapanuka bila wewe kuona.

Na mteja akikwambia ongeza kidogo iue vizuri, kataa kwa upole. Kuzidisha dawa kunaunguza mazao, kunabakiza sumu kwenye chakula, na hela ya dawa ni yake yeye inayopotea. Mwoneshe lebo, msome pamoja. Wengi hawajawahi kusomewa ile lebo hata siku moja, ile rangi tu ya chini yake ukimweleza kwamba nyekundu ndo sumu kali kuliko zote utaona anakusikiliza tofauti kabisa.

Kuhusu mzee, hilo neno dimbwi ndo nimelisoma mara mbili. Hukusema ni dawa gani, ila kuna dawa za kuua magugu, glifoseti ikiwa mojawapo, zinashikwa na udongo zikikutana nao, yaani ukiichanganya na maji ya tope inakwisha nguvu humo humo kwenye bomba hata kabla haijagusa jani. Kwahiyo kama dawa yake ilikuwa ya namna hiyo inawezekana kabisa ulipulizia vizuri na magugu yakabaki yanakuangalia. Inawezekana pia mvua ilinyesha muda mfupi baadae, au majani yalikuwa na vumbi jingi. Nenda ukamweleze kwa heshima, mwoneshe maji ya tope na maji safi kwenye chupa mbili, mwambie gharama ya kupulizia upya mtagawana. Ukipata nusu chukua nusu, mzee huyo akielewa atakuletea wengine. Ila kuanzia sasa usianze kazi kabla hujaona maji, lebo na tarehe ya mwisho ya dawa, vipige picha kwa simu, andika kwenye daftari siku, saa, dawa, kipimo na idadi ya mabomba, na chukua sehemu ya malipo kabla ya kuanza. Wala sio kumdharau mtu, ni kwamba siku ya ugomvi daftari ndo litakusemea.

Mdogo wako hapana. Hapa sibembelezi. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 184 wa mwaka 2001, unaohusu usalama na afya kwenye kilimo, unaweka miaka 18 kuwa umri wa chini kwa kazi inayoweza kudhuru afya ya kijana, na kupulizia sumu ni kazi ya namna hiyo hata kama sheria hujaisoma, mwili wake bado unakua. Akusaidie kupokea simu, kuandika oda na kupanga ratiba, akiwa mbali na shamba linalopuliziwa. Na wewe mwenyewe siku ukipata ujauzito au ukiwa unanyonyesha bomba litue chini, mtafute mtu uliyemfundisha abebe, wewe ubaki mwenye kazi na mwenye wateja. Nguo za kazi zifue peke yake, usizichanganye na za watoto. Chupa ikiisha isuuze mara tatu na yale maji uyamimine kwenye bomba yapuliziwe shambani, alafu itoboe, usimwachie mtu akaenda kuwekea mafuta ya kula au maji. Nimewahi kuona hiyo chupa juu ya meza ya kulia chakula na mpaka leo sijaisahau.

*

Habari zenu. Mimi ni kijana sina shamba sina mashine sina mtaji, nina simu janja tu na watu wananifahamu. Naweza kuingiaje kwenye hizi huduma?
Kijana wa simu

Salama kijana wangu. Mwenye trekta ana tatizo moja kubwa, anachoma dizeli kuzunguka kutoka kashamba kamoja kwenda kengine, leo anaitwa huku nusu ekari, kesho kule ekari moja, akipiga hesabu safari imekula faida. Wakulima nao wanalia trekta haliji kwa wakati na mvua haiwasubiri. Hapo katikati ndo kazi yako ilipo. Kusanya wakulima ambao mashamba yao yanapakana, pima kila shamba, andika nani amelipa malipo ya awali na nani bado, mpelekee mwenye trekta ekari 15 za sehemu moja kwa siku mbili, yeye anakupa kamisheni kwa kila ekari. Kamisheni mkubaliane mapema na iwe kwa maandishi, hata meseji inatosha. Hela za wakulima zisilale mfukoni kwako, zipelekwe siku hiyo hiyo na kila mtu apate ujumbe kwamba imefika. Vijana wengi wanaharibikiwa hapo, sio kwenye akili wala kwenye bidii, ni ile hela ya watu kukaa kwenye simu yako siku tatu ukaanza kuiona ni yako.

*

Dada yetu, sisi ni akina mama 11, tulinunua mashine ya kupukuchua mahindi kwa mkopo. Msimu wa kwanza ulikuwa mzuri, tulipukuchua mpaka usiku, kila wiki tuligawana. Msimu umeisha, mkopo haujaisha, sanduku tupu, mkanda umekatika na hela ya mkanda hakuna. Tena anayeendesha ni mume wa mwenzetu, anaichukua mashine hata siku ambazo hatujui, tukiuliza anasema mashine sio kazi ya wanawake. Tunaogopa kuvunja kikundi na kuvunja nyumba ya mwenzetu.
Akina mama wa mashine

Poleni sana mama zangu. Nimesoma barua yenu nikaona kwamba hakuna mwizi mkubwa hapo, mlichokosea ni kugawana hela ambayo haikuwa yenu. Ilikuwa ya mashine.

Hesabuni kwa magunia, maana gunia ndo mnalolijua. Tuchukue mfano tu, tuseme bei ya mashine ni sawa na malipo ya kupukuchua magunia 1,000 na mnategemea itadumu misimu 5. Maana yake kila msimu malipo ya magunia 200 ni ya mashine yenyewe, hayo mnayaweka pembeni kama hayapo, ndo yanalipa mkopo, na mkopo ukiisha ndo yanaanza kununua mashine ijayo. Riba ongezeni juu yake. Alafu kuna mafuta na oili, kuna mwendeshaji, kuna spea kama huo mkanda, na kuna siku ambazo mashine inasafiri haipukuchui. Kaeni mhesabu hivyo vyote ni magunia mangapi. Kama msimu mzima mlipukuchua magunia 500 na gharama zote hizo zimekula 420, basi cha kugawana akina mama 11 ni malipo ya magunia 80, na kigawanywe mwisho wa msimu. Kugawana kila wiki kumewafanya mjilipe kabla hamjamlipa aliyewabeba. Najua ni ngumu, mtoto anasubiri ada na wewe umeshika hela mkononi, kwahiyo muweke posho ndogo ya siku kwa yule aliyefanya kazi siku hiyo, posho ihesabiwe kwenye gharama, gawio libaki la mwisho.

Na mkienda tena kwa mkopeshaji ombeni marejesho yafuate mavuno. Mashine ya kupukuchua inaingiza hela miezi miwili mitatu alafu inanyamaza, marejesho ya kila mwezi mwaka mzima yanawafanya mkope kwingine ili mlipe hapa. Angalieni pia kama injini yenu inafunguka kutoka kwenye mashine, nyingi zimeunganishwa kwa mkanda tu, basi miezi ya kimya ile injini inaweza kuzungusha pampu ya maji kwenye mashamba ya umwagiliaji, mradi fundi aangalie nguvu ya injini na mzunguko vinaendana. Kama mnailaza kabisa, mwageni petroli iliyobaki kwenye tanki, ikikaa miezi inaganda kwenye kabureta na msimu ukifika mtavuta kamba mpaka mikono iume.

Sasa shemeji. Shemeji ana nguvu juu ya mashine yenu kwa sababu moja tu, yeye ndo anajua kuiwasha. Chagueni akina mama wawili, wajifunze. Mimi nilisimama pembeni na mama mmoja siku yake ya kwanza, alivuta kamba mara tatu kimya, watu wamemzunguka, akavuta pumzi akainama akakagua kimoja kimoja, oili ipo, plagi imekaza, akafika kwenye koki ya mafuta akakuta imefungwa, akaifungua kwa kidole, akavuta mara ya nne ikawaka. Hakusema neno. Alianza tu kulisha mahindi. Kuanzia hapo alikuwa anaitwa yeye kwanza. Wafundisheni oili inaangaliwa injini ikiwa imezimwa na imekaa sawa, mkanda unakazwaje, na kwamba hakuna kusogea na nguo inayoning'inia au nywele ambazo hazijafungwa maana ule mkanda hauna huruma, uwekewe kava.

Alafu jioni kazi ikiisha fungueni plagi, mweka hazina aende nayo nyumbani. Ni kitu kidogo cha kushika mkononi ila bila hiyo mashine ni chuma tu. Kaeni na shemeji kwa heshima, mkewe asiachwe peke yake kuongea nae huko ndani, mwendeeni kama kikundi mkiwa na mtu mzima mnayemheshimu wote, mwambieni tunakuhitaji, tutakulipa kwa gunia, kila siku kuna karatasi ya magunia ambayo mteja anasaini, na mashine haitoki bila plagi. Akikubali mmepata mwendeshaji mzuri. Akikataa mnao wawili wenu. Na risiti ya mashine iwe na jina la kikundi, kama ina jina la mtu mmoja rekebisheni sasa wakati hakuna ugomvi.

Nimalizie na kitu ambacho kitawaongezea wateja. Msipukuchue mahindi mabichi hata mwenyewe akisema ana haraka. Punje zenye unyevu zinapasuka na kusagika kwenye mashine, na punje iliyopasuka ndo mlango wa ukungu, na ukungu ndo unaleta ile sumu ya aflatoksini. Chukueni chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tieni chumvi kavu kidogo na punje mpaka kama theluthi ya chupa, mtikise vizuri alafu muiache itulie kama dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa mahindi yana unyevu zaidi ya asilimia 15, yarudi juani. Isipoganda yako chini ya hapo, ila kwa kuhifadhi muda mrefu mwambieni aendelee kuanika mpaka yafike kama asilimia 13. Fanyeni hicho kipimo bure kabla ya kazi, mbele ya mteja. Atakayeona mmemrudisha nyumbani akaanike wakati mngeweza kuchukua hela yake, huyo msimu ujao hatafuti mashine nyingine.

*

Shikamoo. Mimi ni kijana, nachanja kuku dhidi ya kideri kwenye nyumba za watu, nilipata mafunzo. Juzi nilichanja kwa mama mmoja, baada ya siku nne kuku wake wengi wakafa. Sasa mtaa mzima wanasema nimewaua na chanjo, hakuna anayenifungulia mlango. Nimefikiria kuacha.
Kijana wa kuku

Marahaba mwanangu. Usiache kwanza. Naomba ujibu swali hili mwenyewe moyoni, siku ile ulipofika, kulikuwa na kuku yeyote aliyejikunyata pembeni, au nyumba ya jirani kuku walikuwa wameanza kufa? Kwa sababu watu wengi wanaita mchanjaji wakishasikia kifo kiko jirani. Kideri kikiingia mwilini kinakaa siku kadhaa, mara nyingi kama tano au sita lakini kinaweza kuwa siku mbili na kinaweza kufika 15, kabla kuku hajaonesha chochote. Na chanjo yenyewe inahitaji wiki moja mpaka mbili ndo kinga isimame. Kuku waliokufa siku ya nne inawezekana sana walikuwa wameshaubeba ugonjwa siku unawashika mkononi. Chanjo haitibu, hilo lilipaswa kusemwa kabla, na pengine hukusema, au ulisema haraka haraka ukiwa umeshaanza kazi.

Ila jikague na wewe kwa ukweli. Chanjo ilikaa wapi njiani? Hata ile inayostahimili joto, ile ya I-2, haipendi jua la moja kwa moja, inabebwa kivulini, imefungwa kitambaa kibichi au kwenye kikasha cha baridi. Chupa ulifungua lini? Ina dozi nyingi na ikishafunguliwa haikai, kwahiyo mchanjaji anayefungua chupa kwa kuku sita alafu anatunza iliyobaki mpaka wiki ijayo atachanja maji matupu. Na tone je? Kuku anashikwa kichwa kikilala upande, jicho moja linatazama juu, tone moja linadondoka bila ncha ya chupa kugusa jicho, na humwachii mpaka umeona amepepesa na tone limezama. Ukimwachia mapema anakung'uta kichwa na tone linaenda chini. Dozi ni tone moja tu, kifaranga na jogoo ni sawa, watu wanadhani mkubwa apewe mawili.

Hiyo chupa yenye dozi nyingi ndo inakuambia biashara yako iendeje. Usichanje nyumba moja moja kwa kuitwa. Tangaza siku, kila miezi minne, nyumba zote za eneo kwa pamoja, alfajiri kabla kuku hawajatoka bandani ili msiwakimbize, watu waandikishe idadi ya kuku wiki moja kabla na walipe sehemu, ndo ununue chupa zinazotosha. Chagua miezi ambayo iko mbele ya msimu ambao kideri kinapenda kupiga kwenu, wazee wa hapo wanaujua vizuri sana, waulize. Ukifika kwenye nyumba na ukaona kuku mgonjwa, usichanje nyumba hiyo, hata ukibembelezwa. Waambie kwa nini, toa taarifa kwa afisa mifugo, na ukitoka hapo nawa na ubadilishe viatu kabla ya kwenda kwa mwingine, maana unaweza kuubeba wewe.

Halafu kuna yule mama. Kuku ndo benki ya mama wengi, pale anapata hela ya daftari la mtoto bila kumwomba mtu, kwahiyo alichopoteza ni kikubwa kuliko unavyokiona ukihesabu vichwa. Nenda bila chupa, bila daftari la madeni. Kaa, mpe pole, msikilize mpaka amalize hata kama atakusema vibaya, alafu mweleze zile siku kama nilivyokueleza mimi, mhesabu pamoja kwenye vidole siku gani jirani alianza kupoteza kuku na siku gani wewe ulifika. Hela yake uliyochukua mrudishie. Muulize kama kuna waliopona, kama wapo ni kuku wa kuanzia upya na uwaandike. Banda lisafishwe, likae kwanza bila kuku wapya. Na miezi minne ikifika, kabla hujatangaza kwa mtu mwingine yeyote, gonga kwake kwanza.